Mstari wa Mia Tatu na Saba

Saa mbili na robo asubuhi Mize kanipigia kutoka Konde.
"Programu yako imepandwa," kaniambia.
"Kina mama wamejaa mpaka barazani
na hapa pa kuandika jina pamejiandika
mama nukta jina nukta la kwanza.
Mmoja kaniuliza huyo Nukta ni nani,
mke mwenza?"

Nilicheka. Yeye hakucheka.
Akakata simu, akatuma picha:
kioo kizima funguo tupu,
hakuna mlango hata mmoja.

Wete, juu ya duka la vipuri vya pikipiki,
nikafungua kompyuta kabla umeme haujabadili nia.
Usiku tulihamia seva mpya.
Mtu wa kwanza kushukiwa ni mimi.
Nikalitazama faili la Kiswahili: lipo.
Nikayahesabu maneno: mia sita na kumi na mawili,
yote katafsiri dada yangu Bikombo,
mikesha ya Ramadhani, bakuli la uji likipoa pembeni,
akigombana na kamusi kwa sauti.
"Hii kaiandika mwanamme," akisema, na kuifunga.

Nikafuta kumbukumbu ya kivinjari. Funguo.
Nikazima seva, nikaiwasha. Funguo.
Nikasoma daftari la makosa
kama anayechagua mchele,
neno halikupatikana, neno halikupatikana, neno,
mpaka jicho likanasa chuya:
seva mpya inatafuta Kiswahili
chenye kistari cha katikati,
sisi tumekiita kwa kistari cha chini.
Kijiti kimoja kimeshuka kidogo
na vituo kumi na kimoja vimekuwa bubu.

Nikabadili jina. "Jaribu," nikamwandikia.
"Yamerudi," kajibu.
Kisha, kabla sijanyanyua kikombe:
"Yote ila moja."

Mstari wa mia tatu na saba.
Hili si la kistari.
Ufunguo upo, nukta pacha zipo,
alama za kufungua usemi na za kuufunga zipo,
na baina yake hamna kitu.

Mtoto nukta hali nukta mfu.

Juu yake kaandika "yu hai", vizuri kabisa.
Chini yake "pacha", "uzito", "saa ya kuzaliwa".
Hapa karuka.

Anayesahau huacha pengo popote.
Bikombo hakusahau.
Mwaka juzi, Mfunguo Tano,
nilimpeleka mwenyewe hospitali
na boksi la nguo ndogo zilizopigwa pasi.
Tukarudi nalo.

Sikumpigia. Nilimpigia Mize.
"Hapo nyinyi mnasemaje?"
Nyuma yake kichanga kinalia,
mtu anagonga muhuri, anagonga tena.
"Wizara wanataka mfu."
"Wizara najua. Nyinyi?"
Akanyamaza kama anayetafuta kalamu.
"Sisi tunasema hakujaaliwa.
Hilo mama anaweza kulitilia saini."

Nikaandika.
Kisanduku kikalikata katikati.
Kwenye kioo likasomeka: Hakuja.
Herufi sita, zilizobaki zimemezwa na ukingo.

Nikakaa nalo muda, sijui muda gani.
Chini mtu alikuwa akijaribu honi.

Nikakipanua kisanduku. Hakikutosha.
Nikakipanua tena. Ya tatu neno likakaa lote,
na pembeni yake pakabaki nafasi kidogo
ambayo sikuijaza.

Jioni Bikombo kaniuliza
kama programu imepona.
Nikamwambia imepona,
kilikuwa kistari tu.